Dadu Niliyoificha Nyuma ya Kadibodi

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, watu watatu walikuwa wakija nyumbani kwetu mtaa wa Barani kucheza mchezo ambao majirani waliudhania kikao cha chama. Mchezo wenyewe ni wa hadithi. Mtu mmoja ndiye mwenye mchezo: anabuni nchi, watu wake na hatari zake, kisha anawaeleza wenzake walipo na kinachowakabili. Waliobaki kila mmoja anajibunia mtu wake, askari au tabibu au mwizi wa mjini, na kumsemea. "Mmefika langoni, walinzi wamewazuia. Mnafanya nini?" Wao ndio wanaoamua. Jambo likiwa na shaka hurushwa dadu yenye pande ishirini, na mwenye namba kubwa ndiye anayeshinda. Hakuna ubao wala kete za kusogeza. Ni karatasi, penseli na maneno.

Mwenye mchezo nilikuwa mie. Kazi yangu ni katika duka la kuchapisha na kutoa nakala hapo mjini Malindi, na mchezo huu niliujua kupitia kijitabu alichokileta mteja tumchapishie. Nilikisoma chote kabla hajarudi kukichukua, nikajitolea nakala yangu bila kumwambia. Wakati ule sikuona ubaya wowote.

Wachezaji wangu walikuwa hawa. Wa kwanza binamu yangu, fundi wa umeme, mtu wa kucheka kwa sauti, aliyependa vita na hakupenda kusubiri. Wa pili mama jirani yetu, mjane wa makamo anayeoka keki za harusi. Siku ya kwanza alikuja kuleta sahani tu, akaketi kutazama, na wiki iliyofuata alikuwa na askari wake wa kike mwenye panga, mkali kuliko wote. Wa tatu alikuwa mwalimu wa chekechea aliyepanga chumba mtaa wa pili. Kwao Marafa. Yeye alichagua kuwa tabibu, na kila tulipoingia mji mpya katika hadithi aliuliza kwanza kama kuna wagonjwa.

Nilikuwa hodari, nalisema bila kujisifu kwa sababu uhodari huo ndio ulioniponza. Niliweza kubadilisha sauti, nikawa mfalme, nikawa punda, nikawa mwanamke wa sokoni anayedhulumiwa mzani. Mama wa keki alikuwa akicheka hadi anafuta machozi kwa ncha ya leso. Binamu yangu alikuwa akisimulia kazini ushindi wake kana kwamba umetokea kweli. Nilizoea kutazamwa hivyo, na kila Jumamosi nikawa na hofu kwamba safari hii hadithi itakuwa chapwa.

Nikaanza kutafuta vitu vya kweli vya kutia humo.

Mwalimu ndiye aliyenipeleka Marafa. Nilimwambia nataka kuliona lile korongo la udongo mwekundu ili niliweke katika hadithi, naye akasema siku ya likizo anakwenda kwao, nifuatane naye. Korongo tuliliona, nikachora ramani yake katika daftari. Tulipokuwa tukirudi kwa miguu kwenye njia ya mashambani, alipunguza mwendo penye mikorosho miwili.

"Usitazame sana upande ule," akaniambia. "Watu wa baba yangu mdogo wako shambani."

"Kuna nini?"

"Pale ndipo ilipokuwa nyumba ya hawe wangu."

Hawe ndilo neno lao la bibi. Nilitupa jicho upesi. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mawe matatu ya mafiga na mihogo iliyopandwa mpaka juu ya kile kilichokuwa kizingiti.

Akanieleza tukiwa tunatembea, bila kunitazama. Bibi yake alikuwa na nywele nyeupe tupu na macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Mtoto mmoja wa ukoo aliumwa akafariki, na maneno yakaanza kwamba bibi ndiye aliyemroga. Kila aliyesema hivyo alikuwa na haja na shamba lake. Asubuhi moja walikuja wanaume wengi, wengine wajukuu zake mwenyewe, wakalichoma paa akiwa ndani, naye akatoka kwa mlango wa nyuma akitambaa. Shangazi mmoja akampeleka Junju kwa bodaboda, na huko ndiko anakoishi mpaka leo. Hakurudi tena, hata kuzika.

"Wewe ulikuwapi?" nikamwuliza.

"Chuoni. Niliambiwa siku nne baadaye."

Halafu akacheka kidogo, akaniambia bibi yake alikuwa akigombana na kuku wake kama wake wenza. Kila kuku alikuwa na jina na kosa lake. "Wewe mkubwa, umemlisha mwenzio?" Aliigiza sauti, nyembamba, yenye kukwama katikati kama mtu aliyesahau neno. Mpaka leo ninaisikia sauti hiyo. Aliniambia: "Hii sijamwambia mtu hapa Malindi." Nami nikamjibu: "Imefika mahali pake."

Usiku ule ule niliandika yote katika daftari la mchezo.

Ninataka nieleze vizuri nilichofanya, kwa sababu mara nyingi nimejaribu kukieleza vibaya. Sikuamka nikasema nitamdhuru mtu. Nilijiambia kwamba nitabadilisha mambo. Kijiji nitakipa jina jingine, bibi nitamfanya mchawi kweli, mwenye kuiba pumzi za watoto, ili wachezaji wawe na sababu ya kumfukuza. Niliona hiyo ni heshima, kwamba nimeitenga hadithi yangu na yake. Kumbe nilikuwa nimewapa haki wale waliolichoma paa.

Kosa la pili ni la ufundi, na wanaoanza mchezo huu wengi hulifanya. Niliandaa mwisho. Mwenye mchezo anatakiwa kuandaa watu na mahali, ajue kila mmoja anataka nini na anaogopa nini, kisha awaache wachezaji wafanye watakavyo. Mie niliandika kurasa mbili za namna nyumba itakavyoungua. Niliandika rangi ya moshi. Ukishaandika rangi ya moshi, huwezi tena kumsikiliza mtu anayetaka kuzima moto.

Jumamosi hiyo mama wa keki alileta keki ya iliki iliyobaki harusini. Tukaanza. Wachezaji waliingia kijijini, wakaambiwa habari za watoto wanaougua, wakaelekezwa kwenye nyumba ya kikongwe. Nikamtoa nje, na nikamsemea kwa ile sauti nyembamba, inayokwama katikati.

"Wewe mkubwa," nikasema nikimwelekea kuku wa kubuni, "umemlisha mwenzio?"

Binamu yangu alipasuka kwa kicheko. Mama wa keki naye akacheka, akapiga meza kwa kiganja. Nikaendelea, kuku wa pili, wa tatu. Nilikuwa katika ubora wangu. Mwalimu alikuwa ameshika penseli yake kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

Nilimwona. Hilo ndilo nisiloweza kulikwepa. Mwenye mchezo kazi yake ya kwanza ni kutazama nyuso, na uso wake niliuona umekauka. Nilipaswa kusema, tunywe chai. Kusimamisha mchezo ni jambo rahisi kuliko yote: unaweka dadu chini, unasema tupumzike, unamfuata mtu jikoni na kumwuliza kwa sauti ya chini. Sikusimama, kwa sababu wawili walikuwa wanacheka.

Wanakijiji wa kwenye hadithi wakaja na mienge. Binamu yangu akasema mtu wake anashika mwenge. Mama wa keki akasema askari wake naye anashika. Nikamgeukia mwalimu.

"Tabibu anafanya nini?"

"Anasimama mlangoni," akasema.

"Mlangoni pa nani?"

"Pa yule bibi. Hapiti mtu."

Binamu yangu akalalamika kwamba mchawi ni mchawi. Mwalimu akasema tabibu anawaambia wale watu warudi makwao, na kwamba anawajua mmoja mmoja, na anajua nani anataka shamba. Hapakuwa na neno shamba katika hadithi yangu. Mama wa keki akaacha kutafuna.

Nikasema itabidi warushe dadu, yeye na umati. Akirusha namba kubwa kuliko ya umati, watarudi. Ndiyo kanuni. Akairusha. Ilizunguka mezani ikasimama karibu na birika. Kumi na nane.

Mie nilikuwa na desturi ya kurusha dadu yangu nyuma ya kadibodi niliyoisimamisha mbele yangu, ili wachezaji wasisome maandishi yangu. Nikarusha. Nne. Niliitazama ile nne kwa muda. Mbele yangu kulikuwa na kurasa zangu mbili na ule moshi.

"Kumi na tisa," nikasema.

Nikaisoma nyumba ikiungua mpaka mwisho. Nilisoma vizuri. Nilipomaliza, hakuna aliyesema kitu, nami nikadhani ni ule ukimya wa hadithi iliyofika. Mwalimu alikusanya vikombe akavipeleka jikoni, akavisuuza, akarudi kuaga. "Asanteni kwa chai," akasema, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana mkutano wa wazazi. Iliyofuata, ana homa. Baada ya hapo hakutuma ujumbe tena. Nilimwambia binamu yangu kwamba walimu wana kazi nyingi muhula huu. Ni mama wa keki aliyenishika mkono siku moja barazani kwake nilipopita kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, yule bibi wa kuku alikuwa wa kubuni?"

Nikainama kurekebisha kandambili yangu.

"Nilikuuliza tu," akasema, akaniachia mkono.

Nikamfuata mwalimu shuleni kwake, saa ya watoto kwenda nyumbani. Nilimwomba radhi pale pale langoni, akiwa ameshika mkono wa mtoto ambaye hajafuatwa bado. Niliongea sana. Nilisema sikukusudia. Nilisema nilibadilisha mambo mengi, kwamba hakuna ambaye angejua, kwamba wasimulizi wote huchukua kutoka maishani, kwamba yeye mwenyewe alinipeleka kule kutafuta mambo ya hadithi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Haya. Nina watoto wa kuangalia."

Niliondoka nikiwa nimemkasirikia. Naona haya kuliandika hili kuliko mengine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Njia nzima nilijiambia kwamba nimeshaomba radhi, na mtu akishaombwa radhi mzigo unakuwa wake.

Miezi kadhaa ikapita. Sifa za meza yetu zilikuwa zimefika mbali kidogo, na kikundi cha vijana wa Kilifi walioanza kucheza mchezo huu wakaniomba niende kuwafunza namna ya kuuendesha. Walikuwa kama kumi na wawili katika ukumbi mdogo, na kila mmoja ana daftari. Niliwapa mawaidha mazuri. Andaeni watu, msiandae mwisho. Kabla ya kuanza, mwulizeni kila mmoja faraghani ni jambo gani hataki liguswe, na msimwulize sababu. Mpeni mkimya nafasi, kwa kumwuliza mtu wake yuko wapi na anatazama nini. Mkiona uso umebadilika, simamisheni. Waliandika yote. Nami kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kujiona mjuzi, kana kwamba mambo hayo nimezaliwa nayo, na si kwamba niliyajua kwa kuyavunja.

Mwishoni binti mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono. "Samahani. Wewe umewahi kumwumiza mtu mezani kwako?"

"Hapana," nikasema. "Alhamdulillahi, sijawahi."

Akainamisha kichwa akaandika na hilo.

Sikuweza kula chakula walichotuandalia. Nilikuwa nimesema uongo kwa sababu ya jambo dogo kabisa, kutazamwa vizuri na watu nisiowajua, na nikaufunga uongo huo kwa kumshukuru Mungu. Na hapo nikatambua kwamba ni uongo ule ule wa mezani, sababu yake ile ile. Nilipofika Malindi sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu.

Alikuwa ameketi kizingitini na mkasi, akikata herufi za karatasi za rangi kwa ajili ya darasa lake. Aliitikia hodi yangu, akanionyesha kigoda. Safari hii sikuwa na maneno mengi.

"Siku ile ulipata kumi na nane," nikamwambia. "Mie nilipata nne."

Mkasi ukasimama.

"Rudia."

"Nilipata nne. Nikasema kumi na tisa. Ulishinda. Umati ulitakiwa urudi."

Alizipanga herufi alizozikata, moja juu ya nyingine, akazigonga ziwe sawa.

"Siku waliyokuja kwa kweli, mimi sikuwepo," akasema. "Unajua hilo, nilikuambia. Siku ile mezani nilikuwepo. Nilijua wewe umefanya nini tangu uliposema neno la kwanza la kuku. Nilitaka kuondoka. Kisha nikafikiri, basi, angalau mara hii niko hapa, wacha nisimame mlangoni nione."

"Ndiyo."

"Jumapili yake nilikwenda Junju. Hawe alinipokea vizuri, akanipikia. Nilishindwa kumtazama usoni. Mtu mzima, mwalimu, najua ni mchezo wa karatasi, na bado nilikaa pale nikiona kwamba nilipewa nafasi nikashindwa." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na kumbe sikushindwa."

Nilitaka kusema samahani. Neno lilikuwepo mdomoni, lakini niliona kwamba nikilisema sasa atalazimika kulijibu. Nikainamisha kichwa tu.

"Wenzetu wanajua?" akauliza.

"Hawajui. Wala habari za Marafa sikuwaambia."

"Za Marafa nitawaambia mwenyewe nikitaka. Ya dadu waambie wewe."

Niliwaambia Jumamosi iliyofuata, kabla ya chai, nikiwa nimeiondoa kadibodi mezani. Nilidhani aibu itakuwa ile ya kulisema jambo na kumaliza. Mama wa keki alinisikiliza, akakunja leso yake magotini mara kadhaa.

"Nilimcheka yule bibi, na tangu siku ile barazani nimejua kwamba yupo," akasema. "Nikamshikia mwenge. Wewe ulijua ninamcheka nani, mimi sikujua. Ningejua nisingecheka."

Alikuwa amesema kweli yote.

Binamu yangu akauliza, "Na yule nyoka wa mtoni?"

Hili linahitaji maelezo. Mwaka uliotangulia, katika hadithi, mtu wake alimwua nyoka mkubwa wa mtoni kwa pigo moja wakati wenzake wote wamejeruhiwa. Alilisimulia jambo hilo kila mahali. Aliwahi kulisimulia akiwa juu ya ngazi, waya mdomoni. Siku hiyo dadu ya nyoka ilikuwa imepita yake, nami nikaishusha nyuma ya kadibodi kwa sababu alikuwa amefiwa na baba yake wiki ile na nilitaka afurahi.

Ningeweza kumwambia ushindi ule ulikuwa halali. Nilimtazama, nikaona ananiomba nimwambie hivyo.

"Nilikupa," nikasema.

"Kumbe," akajibu. Akachukua kipande cha keki, akakishika bila kukila. "Ungeniacha nife tu. Ningetengeneza mtu mwingine."

Kabla ya hapo nilidhani kuna uongo wa kuumiza na uongo wa kutunza, na kwamba ule wa pili ni hisani ya mwenye mchezo. Nilipoona namna alivyokishika kile kipande cha keki nilijua nimemchukulia kitu alichokuwa akikipenda, na nilikuwa nimemchukulia siku ile ile niliyompa.

Mambo hayakurudi kama zamani, na sioni kwa nini yangerudi. Mama wa keki hakuja tena kwangu. Baada ya muda nilisikia kwamba ameanzisha meza yake mwenyewe, Jumapili mchana barazani kwake, na kwamba mwalimu anakwenda huko pamoja na wanawake wawili wa kanisani kwake. Yeye mama ndiye mwenye mchezo. Ninapita pale mara kwa mara nikitoka dukani, na wakati mwingine ninasikia vicheko. Naitikiwa salamu yangu vizuri, ila sijawahi kualikwa kuketi. Sijajialika pia.

Kwangu wamebaki binamu yangu na wengine wawili waliojiunga baadaye. Wapya hawa niliwaeleza niliyoyafanya kabla hawajaandika hata jina la mtu wao, nikaacha tu yale yasiyokuwa yangu kuyasema. Mmoja alisema afadhali nisingemwambia. Sote sasa tunarusha dadu mahali pamoja, katikati ya sinia, na hadithi zangu mara nyingi huishia pasipo na uzuri wowote, mashujaa wamepotea njia au wamekaa wakibishana na mwenye mashua. Vijana wa Kilifi niliwaandikia barua, nikamwomba anayewaongoza awasomee, na hasa amsomee yule binti. Sikupata jibu.

Mwezi uliopita nilikutana na mwalimu kwa muuza viazi vya karai, sote tumesimama tukisubiri viive. Tulijuliana hali. Akaniambia bibi yake alikuwa amelazwa kwa kifua, na sasa ametoka.

"Hajambo?"

"Hajambo. Amerudi Junju, ameanza tena kugomba."

Nilitaka kumwuliza anagomba nini na anamgombeza nani. Swali lilinijia zima zima, na nilijua linatoka wapi: kwenye lile daftari la mchezo. Nikamwambia, "Mpe salamu," akasema zitafika. Viazi vikawa tayari, kila mtu akachukua vyake akaenda.